Maji Yaliyobaki kwenye Kata

Mwanangu Doto,

Salamu sikuandikii. Uko chumba cha pili, nakusikia unalifunga sanduku kamba na kulifungua tena, na ningekuwa mtu wa maana ningeinuka nikaja tukasema mdomo kwa mdomo. Siwezi. Kila nikifungua mdomo mbele yako inatoka sauti ya katekista, na sauti hiyo nimeichoka. Jua limetua sasa hivi. Kandili nimeiwasha mapema. Mama yako yuko uani anakaanga maandazi ya safari yako, na nyumba nzima hakuna anayesema na mwenzake.

Sitakuambia uamke saa ngapi wala usile nini kwenye treni. Huko seminari wana kengele ya kila kitu, watakuamsha na kukulaza mpaka uchoke. Nataka kukuambia jambo moja tu: kwa nini mama yako aliinuka Jumapili akatoka kanisani wakati unafundisha.

Nilikupa nafasi ile kwa furaha, Mungu ananijua. Padri haji kigango chetu ila mara mojamoja, na siku nyingine zote ni mimi ninayewasalisha watu hawa wa kambi ya mkonge. Nikasema, mwanangu anakwenda kusomea upadri, wacha watu wamsikie kabla hajaondoka. Ukachagua habari ya Adamu na Hawa. Loo, ulisema vizuri! Ulisema mwanamke alinyoosha mkono na kwa mkono ule tukaanguka sote, mpaka mtoto aliye tumboni. Ukasema mtoto akifa hajabatizwa hana pa kwenda, amezaliwa chini ya hasira, wala hafunguliwi mlango. Nyapara mzee akawa anaitikia, "Ehee, ehee." Hapo ndipo mama yako aliposimama, akajifunga kanga yake, akapita katikati ya mabenchi mbele ya watu wote, akatoka.

Baadaye ulinishika mlangoni ukaniambia, "Baba, mama ameniaibisha." Nikakujibu kwamba kichwa kilikuwa kinamuuma. Nilisema uongo, na Biblia ninayo kwapani.

Yale uliyoyasema si yako, Doto. Ni yangu. Umenisikia nikiyasema tangu unatambaa chini ya mabenchi yale, mpaka namna ya kunyanyua kidole ni yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma najiona mwenyewe kijana, na mama yako naye akaniona. Akasikia kwa kinywa cha mwanawe maneno aliyokwisha kuyasikia kwa kinywa cha mumewe, siku ambayo hakuweza kutoka.

Jina lako unalijua. Kwetu Unyamwezi, nilikotoka kuja kukata mkonge, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, kwa hiyo hatujakuficha kamwe kwamba ulikuwa na mwenzio. Ulipouliza ukiwa mdogo tulikuambia alikuwa msichana, alifariki mchanga, nawe ukaridhika ukaenda kucheza. Hukuuliza alizikwa wapi. Watu hawaulizi, wanadhani kila aliyekufa yuko makaburini.

Kulwa alizaliwa akipiga kelele, kambi nzima ikajua. Wewe ulikuja nyuma yake kimya, rangi imekupotea, na mkunga akaniita mlangoni akatikisa kichwa. Nilichota maji mtungini kwa kata ya kifuu nikakubatiza palepale, kwa haraka hata nusu ya maji ikamwagika mkekani. Dada yako alikuwa hapohapo, amepakatwa na bibi yako wa Moa aliyekuja kumwuguza binti yake. Ningenyoosha mkono tu. Maji yalibaki kwenye kata, na maneno yalikuwa bado kinywani. Nikatoka nje, nikayamwaga.

Utaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza, na jibu si zuri. Jumapili ile padri alikuwa anakuja. Mke wa karani wa shamba alikuwa amekubali kumsimamia mtoto, na karani mwenyewe angekuwepo amevaa koti. Nilikuja huku nikiwa manamba, kibarua wa mkataba, nimelala kwenye banda na watu nisiowajua majina, na sasa mtoto wangu asimamiwe na mke wa karani! Nilitaka watu waone. Wewe nilikubatiza kwa hofu, nikijua unakufa. Kulwa ana nguvu, nikasema, Kulwa atangoja.

Jumamosi asubuhi nikaenda Pongwe kutafuta mchele wa karamu. Kabla sijatoka nilimwambia mama yako neno. Yeye, kama unavyojua, ni Mdigo, amelelewa katika Uislamu, na ubatizo wake ulikuwa bado mbichi. Mimi darasani nilikuwa nafundisha kila wiki kwamba mtoto akiwa hatarini mtu yeyote anaweza kumbatiza, mwanamume au mwanamke, hata asiye Mkristo. Nililifundisha vizuri, na yeye alikuwa mbele kabisa akisikiliza. Lakini asubuhi ile, bila kuulizwa, nikamwambia, "Usije ukathubutu kumwagia mtoto maji mwenyewe. Wewe dini hii bado mgeni. Utakosea, iwe bure, na dhambi juu yake."

Sijui kwa nini nilisema. Ni ile tabia ya kusema tu, ili nionekane mwenye nyumba.

Niliporudi na mchele kichwani sikusikia kilio cha Kulwa. Nikaingia. Mama yako amekaa mkekani na mtoto mapajani aliyekwisha kufa tangu adhuhuri, na pembeni yake kata imejaa maji mpaka ukingoni. Mtu mwingine angesema pole, mke wangu. Mimi nilisema, "Kwa nini hukumbatiza?"

Akaniangalia. Akasema, "Maji nilikuwa nayo. Maneno nilikuwa nayo. Ruhusa sikuwa nayo."

Tangu siku hiyo mpaka leo hajalirudia neno hilo, na mimi sijapitisha wiki bila kulisikia.

Bibi yako akasema, "Huyu ni malaika, baba. Hana kosa lolote duniani. Nipeni nimpeleke kwetu Moa tukamwoshe, tumzike na watu, asomewe dua." Nikakataa. Mtoto wa katekista azikwe na Waislamu, watu watasemaje? Lakini na makaburini kwetu sikumtia, kwa sababu sheria niliyoijua ilikuwa inakataza, na padri hayupo wa kumwuliza, na ukweli ni kwamba sikutaka kumngoja nimwulize. Nilimzika jioni ileile peke yangu, nje ya ua wa minyaa unaozunguka makaburi, upande wa reli ya toroli za mkonge. Kwa Waislamu nimemkataza, kwa Wakristo nimemfungia. Jumapili padri akaja, ukapakwa mafuta, mke wa karani akakushika wewe badala yake. Na wali wa karamu ukaliwa, Doto. Nami nilikula.

Baada ya hapo nikafundisha habari ya Adamu mwaka hata mwaka kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtu akijua ukuta wake una ufa hupiga chokaa sana. Ilikuwa lazima iwe kweli. Kama si kweli, basi mwanangu nimemtupa nje bure.

Wewe ulikuwa shule ya bweni nilipoanza kwenda Chumbageni kwa yule padri mzee aliyestaafu, yule uliyekuwa ukimwogopa kwa ndevu. Macho yalikuwa yamemwishia, akapenda mtu wa kuzungumza naye. Siku moja nikampa habari ya Kulwa kama habari ya mtu mwingine, mtoto wa mwenzangu. Hakudanganyika hata kidogo. Akauliza, "Mama wa mtoto alisema nini?" Akaagiza chai, akaanza kunieleza mambo ya zamani ambayo sikuwahi kuyasikia, nami nakuandikia kama nilivyoyaelewa, maana huko uendako labda watakuonyesha upande mmoja tu.

Alisema Wakristo wa mwanzo hawakuwa na neno moja juu ya anguko lile. Walikuwepo watu Misri na Shamu waliojiita wenye kujua. Wao walisema aliyepanda bustani ile hakuwa Mungu wa juu kabisa. Alikuwa mdogo tu, mwenye majivuno, akisema hakuna mwingine ila mimi, kama nyapara anayedhani shamba ni lake kwa kuwa hajamwona mwenye shamba. Nyoka kwao ndiye mwalimu, na Hawa ndiye aliyemwamsha Adamu. Kosa lenyewe, walisema, lilitokea kabla ya Adamu, huko juu, pale mmoja wa viumbe wa mbinguni waliyemwita Hekima, nao walimtaja kama mwanamke, alipotaka kumjua yule wa juu aliyemtoa na akaporomoka. Huzuni yake ikawa ndiyo dunia hii. Ndani ya baadhi ya watu imebaki cheche ya nuru imelala kwenye udongo, inangoja kuitwa.

Nakuambia kweli, nilirudi nyumbani usingizi hauji. Yule Hekima anayelia mpaka kilio chake kinakuwa nchi na maji, nilikuwa namjua. Nilikuwa naye nyumbani. Na yule mwenye kiburi anayekataza mambo asiyoyaelewa, naye nilikuwa namjua.

Lakini niliporudi kwa padri nikamwambia siwataki watu hao. Akacheka, akauliza kwa nini, Kanisa limewakataa tayari. Nikasema mimi siwakatai kwa ajili ya Kanisa. Wanasema mwili ni gereza, ni takataka za kuvuliwa. Mimi mwili wa Kulwa niliubeba, padri. Ulikuwa na kucha. Asiniambie mtu kwamba ile ilikuwa takataka. Halafu wanasema cheche wanayo baadhi tu, na mimi nimekaa kambini miaka yote hii, najua tukianza kuhesabu nani anayo, manamba watakuwa wa mwisho.

Padri akanipa wengine wawili. Wa kwanza ni yule mwalimu mkubwa wa Afrika ya Kaskazini, Mwafrika mwenzetu kwa namna fulani, ambaye maneno yake ndiyo niliyoyafundisha bila kumjua: kwamba sote tulikuwamo ndani ya Adamu, na mtoto mchanga naye yumo. Padri akasema hata yeye alipofika kwa wachanga hao moyo ulimsumbua, akaandika kwamba adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Mtu mwenye akili kama ile, anatafuta mahali pa kulegeza kamba na hapaoni! Wa pili alikuwa askofu wa zamani kuliko huyo. Yeye alisema Adamu na Hawa walikuwa watoto. Hawakuwa watu wazima wakamilifu walioporomoka kutoka juu. Walikuwa wadogo, ndiyo maana wakadanganywa upesi, na Mungu alikuwa bado anawalea na hakuacha kuwalea.

"Wewe unashika lipi?" nikamwuliza. Padri mzee akasema, "Mimi nimezeeka. Naona tumesema mengi kuliko tunayoyajua." Ikawa jibu langu hilo, sikupewa jingine, na mwaka uliofuata tukamzika.

Usidhani nakuambia uache mafundisho ukafuate hao. Wala usiende kubishana na walimu wako, watakurudisha nyumbani na mimi nguvu za kukulisha sina. Nakuambia nilichokiona mimi nilipoisoma upya ile habari, peke yangu, bila darasa.

Mimi siku zote nilimtazama Hawa, alinyoosha mkono akalaumiwa. Mama yako hakunyoosha mkono, alitii, na nikamlaumu vilevile. Sasa anguko liko wapi? Nikatafuta, nikalikuta kwenye jibu la Adamu. Anaulizwa yeye, anajibu, ni huyu mwanamke uliyenipa. Doto, yule ni mimi na gunia la mchele. Mti sikuushika, nyoka sikumwona, lakini pale niliposema "kwa nini hukumbatiza" nilianguka, na sijui kama nimesimama bado.

Jambo jingine. Mungu anapoingia bustanini jioni, nilizoea kumsoma kwa sauti ya nyapara anayetafuta watoro. Nawe Jumapili ulimsoma hivyohivyo, mpaka watoto wa mbele wakashtuka. Lakini neno lake la kwanza anauliza tu, uko wapi. Mtu aliyepotelewa na mtoto ndivyo anavyouliza. Nilimsikia bibi yako akiuliza hivyo alipoamka kutoka usingizini siku ya pili, amesahau, anapapasa mkeka. Na kabla ya kuwatoa nje watu wake, Mungu huyo aliwatengenezea nguo za kuvaa. Mama yako hajakusemesha tangu Jumapili, lakini tazama mashati yako. Hakuna kifungo kilicholegea.

Nina habari ya mwisho, na hii huijui kabisa. Ule ua wa minyaa uliukuta umekauka upande wa toroli, ukanisaidia kukata ile iliyokufa. Ulipokwenda shule niliupanda upya. Sikuupanda pale ulipokuwa. Niliusogeza nje, polepole, kipande leo na kipande kesho, mpaka kaburi la dada yako likawa ndani. Padri wa sasa alipita akatazama, akaona ua umepinda, akaendelea na njia yake. Nikamwita mama yako aone. Nilitegemea atalia, au atanishukuru, mjinga mimi. Akasema, "Mwanangu hakuwa nje hata siku moja. Wewe ndiye uliyekuwa nje." Lakini akavunja tawi la mnyaa lililomwegemea Kulwa, na tangu siku ile tukaanza kwenda pamoja.

Kwa hiyo Jumapili, ulipofika pale pa mtoto asiye na pa kwenda, uliurudisha ule ua ulipokuwa. Hukujua. Kosa ni langu, nimekulea na maneno yale bila kukuonyesha mahali yalipozikwa. Ila usiondoke kesho na kinyongo kwamba mama amekuaibisha. Alitoka kwa sababu alikuwa amebanwa kati ya watoto wake wawili, mmoja anasema na mwingine anasemwa.

Sasa sikiliza. Amekwisha kukaanga, nasikia anazima moto. Barua hii naipitisha chini ya mlango wako. Usije kunijibu, sina haja. Toka kwa mlango wa uani, ukae naye. Usimweleze Adamu wala mtu mwingine yeyote. Muulize tu, mama, uko wapi, hata kama unamwona.

Alfajiri, kabla ya treni, atataka kwenda kwa Kulwa. Nenda naye, sanduku nitalibeba mimi mpaka stesheni. Kwao Moa huwa wanalimwagia kaburi maji, nasi tumefuata hivyo. Lakini nikwambie tunavyofanya. Maji anayabeba yeye njia nzima, ile ile kata ya kifuu, na tukifika ananipa mimi nimwage. Kila mara. Nimemwambia mara nyingi amwage yeye, anakunja mikono. Hanisikii, na hana sababu ya kunisikia, mimi ndiye niliyemkataza.

Kesho atakunyooshea wewe, maana wewe ndiye unayekwenda kuwa padri. Usiipokee, mwanangu. Mrudishie mkononi, umwambie, "Mama, mwaga wewe."

Ni mimi baba yako.